Namna ya kusafisha shaba nyekundu ya paa kuukuu kabla ya kuipeleka kwenye mizani

Paa la shaba linapobomolewa, kinachoshuka chini si shaba tupu. Huambatana na misumari ya chuma, lami, karatasi nyeusi iliyotandikwa chini yake, lehemu ya kwenye maungio na vipande vya mbao. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wenzangu wanaoezeka na kubomoa mapaa huku Marekani na kuuza shaba yake kama chakavu, kwa kuwa nimewaona wengi wakimaliza nguvu zao mahali pasipolipa: wanasugua kutu ya kijani mpaka bamba ling'ae, ilhali lami na lehemu, ambazo ndizo zinazoshusha bei, zimebaki vilevile.

Hatua ya 1: Fahamu daraja la mzigo wako

Mabamba mengi ya kuezekea yana uzito wa wakia 16 kwa kila futi ya mraba, na unene wake ni kama milimita 0.55. Daraja la juu la shaba nzito, ambalo wafanyabiashara wa Marekani huliita Candy, linataka shaba isiyopungua sehemu moja ya 16 ya inchi, yaani karibu milimita 1.6. Kwa hiyo bamba la paa haliwezi kufika huko hata ukilisugua mwezi mzima. Daraja lake la kawaida ni Dream, ambalo ni la shaba nyepesi yenye kiasi cha asilimia 92 ya shaba, na ambalo linataja waziwazi mabamba, mifereji ya mvua na mabomba ya kuteremshia maji. Daraja hilohilo hukataa mzigo uliojaa risasi, bati la kupakwa au lehemu, na hapo ndipo kazi ya kusafisha inapopata maana.

Kutu ya kijani iacheni. Ni ganda jembamba la chumvi za shaba yenyewe, na wanunuzi wa daraja hili wameizoea. Asidi ya kusafishia matofali itaing'oa, ni kweli, lakini mvuke wake huchoma mapafu, na maji ya kusuuzia hubeba shaba iliyoyeyuka ambayo ni sumu kwa samaki na haifai kumwagwa kwenye mtaro.

Hatua ya 2: Tenga visivyostahili kuyeyushwa

Kabla ya kukata chochote, weka kando mapambo ya kileleni, mifereji iliyofinyangwa kwa mkono na mabamba mapana yenye rangi ya kijani iliyokolea sawasawa. Wauzaji wa vifaa vya majengo ya kale wanaweza kuvilipia zaidi ya bei ya chakavu, lakini wakivikuta vimekunjwa hawavitaki tena. Wapigieni simu kwanza.

Hatua ya 3: Jikinge na risasi na asbesto

Lehemu ya mapaa ya zamani kwa kawaida ni nusu risasi na nusu bati. Vaa glavu nene, miwani ya kinga na barakoa yenye vichujio vya chembe ndogo. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Usile wala kuvuta sigara penye kazi, na nguo za kazi usizifue pamoja na za watoto. Paa likiwa la kabla ya miaka ya 1980, karatasi nyeusi na gundi yake zinaweza kuwa na asbesto. Peleka kipande maabara kabla ya kukwangua, na majibu yakithibitisha kuwa ipo, kazi hiyo waachie wenye leseni ya kuiondoa.

Hatua ya 4: Ondoa chuma

Pitisha sumaku yenye nguvu kila upande wa bamba. Shaba haivutwi, kwa hiyo kila panaposhika pana msumari, skrubu au kibanio cha chuma. Misumari ya shaba, ambayo mafundi wa zamani waliipenda, iingie kwenye rundo la shaba. Skrubu za shaba ya manjano zipate ndoo yake. Jihadharini na chuma cha pua, kwani aina nyingi zake hazivutwi na sumaku na ni jicho tu litakalozitambua kwa weupe wake.

Hapohapo angalia mabamba ya kijivu. Kwaruza kwa ncha ya kisu: ukikuta tabaka laini la kijivu na wekundu chini yake, hilo ni bamba lililopakwa risasi au bati. Lisichanganywe na mengine hata kidogo, kwa sababu wanunuzi wengi wana kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma aina ya madini papo hapo, na bamba moja la namna hiyo linaweza kushusha daraja la rundo zima.

Hatua ya 5: Bandua lami kwa baridi

Hapa ndipo penye kazi hasa. Wengi hukimbilia moto, na moto ndio usiofaa: moshi wa lami ni sumu, risasi iliyo jirani nayo hutoa mvuke, na uchomaji wa aina hiyo umekatazwa. Itumieni baridi. Laza mabamba nje usiku wa barafu, kisha asubuhi, kabla jua halijayafikia, shika bamba moja kwa ncha mbili na ulikunje taratibu juu ya ukingo wa ubao. Lami iliyoganda hupasuka kama kioo na kuruka vipande vikubwa, ikiacha nyuma utando mwembamba tu. Gonga yanayobaki kwa nyundo ya mbao, kisha kwangua kingo kwa kikwangulio cha plastiki ngumu. Kama ni kiangazi, yaanikeni kivulini na kufanya kazi alfajiri. Jua likishapanda lami hulainika na kunata kwenye kila kifaa. Utando wa mwisho hauna haja ya kufutwa kwa mafuta ya taa, kwani mafuta nayo mnunuzi huyakatia bei.

Hatua ya 6: Kata lehemu, usiiyeyushe

Kata ukanda wa maungio kwa mkasi wa bati, kiasi cha sentimita mbili kila upande wa mstari wa lehemu, na uuze kanda hizo peke yake. Usitumie mashine ya kusaga, kwa kuwa vumbi lake huwa na risasi. Lakini piga hesabu kabla ya kuanza: tuseme una mzigo wa uzito wa pauni 400 na tofauti ya bei kati ya shaba isiyo na lehemu na yenye lehemu ni senti 20 kwa pauni, faida yote ni dola 80. Kama itawachukua watu wawili siku nzima, uzeni ilivyo.

Hatua ya 7: Mizani na karatasi

Bamba la wakia 16 ni pauni moja kwa futi ya mraba, hivyo futi 300 za mraba zinakaribia pauni 300; pima kwa tepu nyumbani ili uwe na namba yako ya kulinganisha. Uliza daraja kabla ya kushusha mzigo, na uione mizani ikisoma sifuri. Beba kitambulisho na barua ya mwenye jengo au mkataba wa kazi. Minnesota, tangu 1 Januari 2025, humtaka anayeuza shaba awe na leseni ya jimbo, isipokuwa wale waliosamehewa na sheria, kwa hiyo hakikisha uko upande gani kabla ya kupakia gari.