Somo: Kuinua gari kwa jeki nyumbani bila kuumia wala kukunja bodi

Wakuu, leo tuinue gari uani kwako, iwe unabadilisha tairi, unakagua breki au unataka kumwaga oili. Mfano wangu ni Toyota IST, maana mitaa imejaa, na Vitz, Spacio na Probox zinafanana nayo kwa mengi.

Jambo moja nalisisitiza kabla hujashika spana: jeki ni ya kuinulia. Kulishikilia gari likiwa juu ni kazi ya stendi, yaani vile vyuma vya miguu vinavyosimamishwa chini ya gari. Kama unabadilisha tairi tu na mwili wako hauingii uvunguni, jeki inatosha. Ukitaka kuingiza hata bega chini ya gari, stendi ni lazima, hata kama ni kazi ya dakika mbili.

Mahali. Sakafu ya zege iliyo tambarare ndiyo bora. Kwenye mchanga au udongo uliolowa jeki huzama upande mmoja, na ikishaanza kulala huwezi kuirudisha kwa mikono. Kama huna zege, tandika ubao mpana na mgumu, marini bodi ya mm 18 inafaa, jeki ikae katikati yake. Kwenye mteremko usiinue. Abiria wote washuke, na watoto wakae mbali.

Kabari. Hapa tukae kidogo, kwa sababu wengi hudhani wakishavuta hendibreki na kuweka gia kwenye P, gari limefungwa. Inategemea ni tairi lipi liko juu.

IST isiyo ya 4WD (isiyoendeshwa na matairi yote manne) huvutwa na matairi ya mbele. P hufunga giaboksi, na giaboksi inashika matairi hayo kupitia difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia. Ukiinua tairi moja la mbele, lile lililo hewani linakuwa huru, na difu inaliruhusu lililobaki chini lizunguke huku la juu likizunguka kinyume. Hapo P haizuii kitu tena. Gari limebaki mikononi mwa hendibreki ya nyuma peke yake, na kama waya wake umelegea, hakuna kinachoshika. Ukiinua nyuma yote mambo yanageuka: hendibreki inakamata matairi yaliyo hewani, kwa hiyo P ya mbele ndiyo tegemeo. Na gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, mfano Mark II, ukiinua nyuma yote umepoteza P na hendibreki kwa pamoja.

Kwa hiyo weka kabari kila mara. Mbao mbili zilizokatwa mshazari, au mawe mawili makubwa, moja mbele na moja nyuma ya tairi lililo kinyume na unaloinua. Unainua mbele kushoto? Kabari ziende nyuma kulia. Ukiinua upande mzima wa nyuma, zibane matairi ya mbele.

Legeza nati gari likiwa chini. Robo hadi nusu mzunguko tu, usizitoe. Kuhangaika na nati iliyokaza wakati gari liko juu ya jeki ndiko kunakoliangusha. Toyota ndogo nyingi hutumia spana namba 21.

Pa kuweka jeki. Chungulia chini ya milango. Kuna ukingo wa bati unaoning'inia kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Pitisha kidole nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mbele kidogo ya tairi la nyuma: utakuta vikato viwili vilivyokaribiana. Kati ya vikato hivyo ndipo bati lilipoongezewa nguvu. Ukiweka jeki sentimita chache nje ya hapo, ukingo unakunjika.

Jeki ya mkasi inayokuja na gari ina mfereji kichwani, na ukingo unatakiwa kuingia ndani ya mfereji huo. Jeki ya magurudumu ina kichwa bapa, nayo ndiyo inayokunja bodi za watu. Nunua mpira mnene wenye mfereji, au chonga mmoja, uweke katikati ya jeki na gari ili uzito ubebwe na bati la pande mbili za ukingo. Msidharau mkunjo mdogo: rangi inapasuka, maji yanaingia, na kwa sisi wa pwani wenye hewa ya chumvi, kutu inaanzia hapo hapo.

Usiguse kwa jeki sampo ya oili (bakuli la oili chini ya injini), trei ya giaboksi, sakafu ya gari, wala ile plastiki ya urembo ya pembeni.

Kuinua. Pandisha jeki mpaka iguse, simama, kagua kama iko wima. Inua kidogo, kagua tena, kisha endelea. Mwenye jeki ya magurudumu aangalie hili: mkono wake unapopanda hausogei wima, unapiga tao, kwa hiyo jeki yenyewe lazima itembee kulifuata gari. Magurudumu yake yakinasa kwenye kokoto, itavuta gari pembeni au kichwa kitateleza. Fagia sakafu kwanza.

Stendi. Ziweke, shusha gari polepole mpaka uzito wote uzikalie, kisha lisukume kwa nguvu kutoka pembeni ukiwa umesimama nje. Likicheza, inua upange upya. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ukingo wa gari kama kinga ya pili.

Kurudisha: kaza nati kwa mkono, kisha kwa spana kiasi kwa mpangilio wa kukingamana, shusha gari, ndipo ukaze mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

*Asante kwa somo mkuu. Kama jeki imeshakaa kwenye alama, pale kati ya vikato, stendi nitaiweka wapi?*

Swali zuri sana. Ndiyo maana kwa kazi za uvunguni jeki ya magurudumu huingizwa katikati ya mbele, kwenye chuma kizito kinachobeba injini, halafu stendi zinakaa kwenye alama mbili za pembeni. Sehemu kamili imechorwa kwenye kitabu cha gari. Usikisie, sampo iko jirani. Kama una jeki ya mkasi tu na unataka kumwaga oili, tafuta rampu za kupandishia matairi ya mbele, na ubane ya nyuma kwa kabari.

*Fundi, sina stendi. Matofali ya bloku je?*

Hapana, kaka. Bloku ya saruji huvumilia mzigo uliosambaa, lakini ncha ya chuma ikiikandamiza sehemu moja inapasuka ghafla bila kukuonya. Bora vipande vinene vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kukingamana, na hata hivyo ni kwa dharura.

*Shikamoo fundi. Land Rover 110 ya baba ilisogea ikiwa kwenye jeki na hendibreki ilikuwa juu. Kwa nini?*

Marahaba. Hendibreki ya gari hilo haishiki matairi, inashika shafti inayotoka giaboksi. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaliachia lililo chini. Funga difu ya katikati ili na ekseli ya mbele ishikwe, na uweke kabari vilevile.

*Sina toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Nitajuaje nati zimekaza vya kutosha?*

Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103. Kwa spana yenye mkono wa sm 25, hiyo ni kama kuukandamiza kwa uzito wa kilo 42 mwishoni mwake. Mtu wa kilo 80 akisimama juu ya spana hiyo anakaribia mara mbili, na hapo ndipo meno ya nati na boliti yanapoharibika. Sukuma kwa mikono, usipande juu. Kagua tena baada ya kilomita 100 hivi, na usipake grisi kwenye meno.

*Jeki yangu ya chupa inashuka yenyewe taratibu. Niongeze brake fluid?*

Usiongeze, dada. Hiyo inaharibu sili za jeki, ile mipira inayozuia oili isipenye. Tumia oili ya haidroliki ya jeki, ukiwa umeshusha kabisa, kisha jaribu. Ikiendelea kushuka, sili zimekwisha: peleka kwa fundi azibadilishe, au nunua nyingine.