Laptopu inajizima au inajiristati kila saa? Usikimbilie kupiga Windows upya, anza hapa

Laptopu ikianza kuanguka ovyo, yaani kuzima, kujiristati au kuganda ghafla, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "piga Windows upya", na watu wanapiga kweli, wanapoteza picha, wanapoteza programu zao zote, alafu baada ya siku chache mashine inazima vilevile kama jana. Inaniuma nikiona hivyo kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa limeshaandikwa ndani ya laptopu yenyewe, hakuna aliyelisoma. Windows ikianguka huwa inaacha alama. Zisome hizo kwanza ujue ugonjwa uko kwenye programu au kwenye vifaa, maana dawa zake hazifanani hata kidogo.

Ila kabla ya chochote, bakapu. Kama inawaka hata dakika kumi tu, chomeka flashi au diski ya nje uhamishe vitu ambavyo huwezi kuvipata tena, picha, vyeti, kazi zako. Kama anayekufa ni diski basi kila ukiwasha unamsogeza, na baadhi ya vipimo huko chini vinaikamua diski haswa. Na hapohapo ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft utafute ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data ya diski), ni namba ndefu ya tarakimu 48, uiandike pembeni. Laptopu nyingi za siku hizi zinakuja zimefungwa na BitLocker mwenyewe hujui, unakuja kujua siku umegusa BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows) au umeingia kwenye menyu ya kurekebisha Windows, inakuomba namba na huna.

Sasa tazama inaangukaje, hapa usiwe na haraka. Kuna kuanguka kwa skrini ya bluu yenye maandishi, na kama una Windows 11 iliyopata apdeti za kuanzia 2025 basi hiyo skrini ni nyeusi, usichanganyikiwe, ni ileile. Hiyo maana yake Windows yenyewe imeona kitu hakiko sawa ikaamua kusimama isiharibu data. Kuna kuzima ghafla pwaa, bila onyo, hakuna maandishi wala nini. Hapo Windows haikupata hata nafasi ya kusema neno, kwa hiyo fikiria joto, betri, chaja au bodi. Alafu kuna kuganda, kishale hakisogei, sauti inakwama inajirudia, mpaka ushikilie batani ya kuwashia sekunde kama kumi. Hiyo inaweza kuwa diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au draiva ya skrini, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa.

Andika pia inatokea ukiwa unafanya nini. Ikiwa kwenye chaja au kwenye betri? Ukicheza gemu, ukipiga simu ya video, au hata ukiiacha tu imekaa? Inaanguka ukiinyanyua au ukigusa kona fulani? Hiyo ya mwisho inamaanisha kuna kitu kimelegea ndani, wala usihangaike na programu. Ikianguka pale unapofungua kifuniko baada ya kulala, mshuku draiva au BIOS ya zamani.

Kuhusu ile skrini ya bluu, shida yake inapita haraka mno huwezi kusoma, kwa sababu Windows imewekwa ijiristati yenyewe. Izuie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, bonyeza Enter, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki pale Automatically restart. Siku ikianguka tena skrini itabaki palepale, upige picha na simu taratibu. Unachotaka ni lile neno lenye herufi kubwa lililounganishwa na vistari, na kama imetaja faili linaloishia na .sys hilo nalo ni dhahabu, mara nyingi ndo draiva iliyoleta balaa.

Alafu kuna kitu kinaitwa Reliability Monitor, watu wengi hawakijui na mimi naona ndo kifaa bora kuliko vyote vilivyomo ndani ya Windows kwa kazi hii. Windows na R tena, andika perfmon /rel. Inafunguka grafu ya siku kwa siku, siku mbaya zina alama nyekundu ya X. Rudi nyuma mpaka siku ya kwanza mashine ilipoanza kuanguka, alafu tazama siku hiyo au jana yake kiliingizwa nini. Ukikuta kwa mfano draiva ya kadi ya skrini imeapdetiwa jioni na kesho yake X zinaanza kufuatana, utafutaji wako umefika mbali sana hapo bila kufungua skrubu hata moja.

Kwenye Event Viewer, daftari la Windows la kuandikia makosa, kuna mtego. Utakuta makosa mekundu ya Kernel-Power namba 41 yamejaa na mtu atakwambia "ona, powa ndo mbovu". Hapana. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa vizuri, haijasema kwa nini. Ifungue, nenda Details, tazama BugcheckCode. Ikiwa sifuri na wewe hukushikilia batani kuizima, basi Windows haikuwahi kurekodi skrini ya bluu, elekea kwenye joto na umeme. Ikiwa ni namba nyingine, kuna skrini ya bluu ilitokea. Na ukiona mistari ya WHEA-Logger, hiyo ni prosesa (ubongo wa mashine) au vifaa vyenyewe vinalalamika.

Maneno ya skrini ya bluu ni mengi ila yanayojirudia ni machache. MEMORY_MANAGEMENT, anza na RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, vifaa, anzia joto. VIDEO_TDR_FAILURE ni kadi ya skrini au draiva yake. DPC_WATCHDOG_VIOLATION mara nyingi draiva, saa ingine SSD (diski isiyozunguka) inayohitaji fimwea mpya, yaani programu iliyomo ndani ya kifaa chenyewe. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR na NTFS_FILE_SYSTEM, kimbia ukaipime diski leo hii. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL kwa kawaida ni draiva ila RAM mbovu nayo inaileta. Angalizo moja la maana: neno likiwa lilelile kila mara, lifuate. Yakiwa yanabadilika kila siku jipya, leo hili kesho lile, hapo mi namshuku RAM kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ukiona dalili ni za programu, ingia Safe Mode. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, alafu Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, chagua 4, au 5 kama unataka intaneti. Kama haiwaki kabisa, izime kwa batani wakati inaanza kuwaka, rudia mara mbili tatu mfululizo mpaka ilete yenyewe menyu ya kurekebisha. Safe Mode inawasha Windows na draiva za msingi tu, kwa hiyo iache humo masaa kadhaa. Ikitulia kabisa wakati kawaida haimalizi nusu saa, mkosaji yuko kwenye draiva au programu zinazojiwasha zenyewe. Nenda Device Manager, orodha ya vifaa vyote vya mashine, fungua kifaa unachokishuku, kichupo cha Driver, bonyeza Roll Back Driver kama inakubali. Isipokubali chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako kwa kuandika modeli kamili, na tafadhali achana na zile programu za "apdeti draiva zote kwa mbofyo mmoja", zinaingiza draiva zisizo za mashine yako alafu unaanza kutafuta kosa ambalo halikuwepo. Kama una antivairasi mbili zinafanya kazi pamoja, toa moja. Wala usidharau nguvu ya programu moja mbovu, Julai 19, 2024 apdeti moja ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na vifaa vyake vilikuwa vizima.

Ukisharudi kwenye Windows ya kawaida na una intaneti, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama adminstreta, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, isubiri hata ikionekana imekwama kwenye asilimia fulani, ikiisha andika sfc /scannow. Fuata mpangilio huo, maana ya kwanza inatengeneza stoo ambayo ya pili inachukulia mafaili mazima.

Sasa joto, na hapa ndo laptopu nyingi za nyumbani zinapofia hasa zikishavuka miaka kadhaa bila kufunguliwa. Weka HWiNFO, programu ya bure inayosoma joto na feni, uiache wazi huku unafanya ile kazi inayoiangusha. Ikiwa imetulia, prosesa kwenye digrii 40 hadi 60 ni kawaida. Kwenye kazi nzito kufika 80 na kitu hadi 90 kwa laptopu si ajabu. Lakini ukiona inakimbilia 100 ndani ya sekunde chache, feni inapiga kelele, mashine inakuwa nzito alafu pwaa, huna haja ya kutafuta zaidi. HWiNFO ina kisanduku kinaonyesha kama prosesa imeanza kujipunguza kasi kwa sababu ya joto, kikisoma Yes ndo hivyo. Na ukiona joto linapanda kwenye kazi nzito ila feni haisikiki kabisa ikizunguka, huenda feni imekufa.

Ukifungua kifuniko cha chini usiishie kufuta vumbi linaloonekana juu. Vumbi linaloua liko kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba au aluminiamu, linajipanga pale kama kipande cha blanketi, la kijivu, na mara nyingi hulioni mpaka utoe feni yenyewe. Nje ukipuliza unaona vumbi kidogo linatoka unadhani umesafisha, kumbe lile blanketi liko palepale. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, chomoa waya wa betri kwenye bodi, na ukipuliza hewa shikilia panga za feni kwa kidole zisizunguke. Kama mashine ni ya miaka mingi badilisha na pesti ya joto juu ya prosesa, iliyokauka haipitishi joto tena. Na acha kuitumia juu ya godoro, matundu ya hewa yako chini.

RAM. Andika mdsched kwenye Windows na R, itaristati na kupima. Ni kipimo chepesi, kikipata kosa kiamini, kisipopata usikiamini sana. Kizuri zaidi ni MemTest86, programu ya kupima RAM inayowashwa kutoka kwenye flashi, iache usiku kucha, na kosa hata moja tu linatosha kusema mbovu. Kama una vijiti viwili vya RAM, toa kimoja utumie siku nzima, alafu badilisha. Gusa kwanza chuma kutoa umeme wa mwilini, na ukirudisha kijiti kisukume mpaka kibane kwa mlio pande zote mbili, kuna mashine zinapona kwa kuchomoa na kuchomeka tu. Kwenye laptopu nyingi nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi, hiyo ni kazi ya fundi.

Diski ni rahisi. Weka CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ikiwa bluu nzuri, ikiwa njano au nyekundu hamisha data kwanza na uanze kutafuta nyingine. Kwenye diski ya kuzunguka tazama mistari ya 05, C5 na C6 inayohesabu sehemu mbovu za diski, namba zikiwa zinapanda wiki hadi wiki inakufa hiyo. Kama hali ni nzuri endesha chkdsk C: /f kwenye Command Prompt ya adminstreta, kama si nzuri usiendeshe chkdsk yenye /r, inayoisoma diski nzima, kabla ya bakapu.

Upande wa umeme andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, itatengeneza faili na kukuonyesha ilipo, ifungue, linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikiwa 48,000 na ya pili 20,000 betri imechoka, inaweza kuzima ghafla hata ikiandika asilimia 30. Jaribu chaja nyingine yenye wati zilezile zilizoandikwa, mashine ya wati 65 ukiipa chaja ya 45 inaweza kuhangaika kwenye kazi nzito. Na kama kipadi cha kugusia kimeinuka au kifuniko cha chini kimebinuka, betri imevimba, zima, usichaji, usitoboe, peleka itolewe.

Ukishapita kote huko bado huna uhakika, kuna kipimo kimoja nakipenda kuliko vyote. Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, iwashe laptopu kutoka kwenye flashi bila kuinstoli, utumie siku nzima, video, intaneti, kila kitu. Ikianguka na huko, Windows haina kosa, ni vifaa, na kuipiga upya ni kupoteza muda. Isipoanguka, una sababu nzuri ya kupiga Windows upya, ila jua kwamba hapo diski yako ya ndani haikufanya kazi sana, kwa hiyo iwe imeshapimwa. Ukipiga, weka draiva za kampuni tu, kaa siku mbili kabla ya kurudisha programu zako, alafu zirudishe moja moja.

Na popote utakapobadilisha kitu, badilisha kimoja, subiri muda mrefu kuliko ule iliokuwa inachukua kuanguka, fungua perfmon /rel uone kama X zimekoma, ndo uguse kingine. Ikibidi kwenda kwa fundi nenda na ile picha ya skrini, joto ulilosoma na orodha ya ulichojaribu, na mwambie mapema kwamba diski isifutwe.