Kuutambua mti kwa maganda yake, pwani ya Tanga

Wakati wa kiangazi miti mingi hupukutisha majani, lakini maganda, yaani vifuko vya mbegu, hubaki juu au chini ya shina. Okota matano au zaidi, yaliyokauka na yasiyotobolewa na wadudu. Angalia na juu pia: ganda la chini huenda limeletwa na upepo au mbuzi, na usipoliona juu bado hujathibitisha kitu. Achana na mabichi, maana rangi na unene wake hubadilika yakikomaa.

Usianze na urefu, unadanganya. Anza kwa kuuliza: ganda linapasukaje?

La ukwaju halipasuki lenyewe. Gamba lake la kahawia huvunjika kwa vidole, na ndani kuna nyama chachu inayonata, nyuzi na mbegu zinazong'aa. La mlonge lina pembe tatu na hupasuka vipande vitatu. Mbegu zake zina mabawa matatu membamba. La mpingo, ambao utaupata zaidi upande wa Handeni, ni jembamba kama karatasi, sentimita 3 hadi 7, lina mbegu moja au mbili na halifunguki. La mninga ni la duara, lina bawa pande zote na miiba membamba katikati. Ukiliona mara moja hulisahau.

Wengi hukosea kwenye maganda bapa. La mkrismasi ni gumu kama ubao, sentimita 30 hadi 60, nalo huning'inia mtini miezi mingi. La mkingu lina rangi ya majani makavu, upana wa vidole viwili, na mbegu zake huonekana kama vinundu. Upepo ukivuma mti mzima hulia kwa kugongana kwa maganda. Mlusina na mjohoro ndio huchanganywa kuliko yote. Maganda ya mlusina hutoka mengi pamoja kwenye kikonyo kimoja. Ya mjohoro yana kingo nene. Ukibaki na shaka, tazama jani: la mlusina lina matawi madogo yenye vijani vidogo mno, la mjohoro lina vijani vikubwa vilivyopangwa kwa jozi kwenye uti mmoja.

Mkongo ndio mzuri kuliko wote kuutazama. Ganda lake ni nene, la mbao, na likipasuka unaona mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu au ya machungwa, zimelala katika sifongo jeupe. Zisichanganywe na mbegu za mtipitipi, ambao ni mtambaazi, si mti: hizo ni ndogo, nyekundu zenye jicho jeusi, na zina sumu kali. Usimpe mtoto azichezee, na usizitafune.

Mwishoni pima upana na urefu wa maganda matatu, hesabu mbegu, na uandike mahali ulipoyaokota. Bila mahali, hata mtaalamu atasita kukujibu.