Mwanga wa kuficha darini: namna ya kufunga mkanda wa LED usioonekana

Shemeji yangu alikuwa na balbu nne kali katikati ya dari ya sebule yake, na kila jioni alikuwa akizizima na kukaa kwa mwanga wa televisheni. Alitaka chumba tulivu ambacho mtu akiingia anaona ukuta umejaa mwanga, lakini haoni unatoka wapi. Kazi hiyo tumeimaliza wiki iliyopita. Naandika hatua tulizopitia, na hasa ile ya tatu iliyotulaza saa nane za usiku mara mbili.

1. Anza na ukuta

Katika kazi hii, ukuta na dari ndizo taa zenyewe. Mkanda wa LED unazimwagia mwanga tu, nazo ndizo zinazoumulika mwili wa chumba. Kwa hiyo usiku, zima kila kitu, washa tochi ya simu na uielekeze juu huku na huku. Utaona mara moja ni upande gani unapendeza na ni upande gani lipu imevimba.

Rangi iwe nyepesi na isiyong'aa. Kwenye rangi inayong'aa, vidoa vya LED vinajirudia darini kama shanga, na hapo siri imefichuka. Kama dari yako inang'aa, ipake upya kabla hujanunua hata mita moja ya mkanda.

2. Mkanda

Joto la rangi liwe Kelvini 2700; namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikipanda unakuwa mweupe. Jikoni nakubali 3000. Juu ya hapo sikushauri kwa sebule wala chumba cha kulala, maana 4000 ni mwanga wa ofisi na 6500 ni mweupe unaoelekea buluu. Kipimo cha CRI, yaani jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu, kisipungue 90, la sivyo mbao na ngozi za watu zitaonekana zimepauka.

Chukua aina ya COB, ile inayotoa mwanga mmoja uliounganika bila vidoa, na iwe ya volti 24. Nunua yote kwa pamoja na kutoka toleo moja. Mikanda miwili yenye namba ileile ya Kelvini inaweza kutofautiana kidogo rangi, na jicho linaikamata tofauti hiyo pale inapokutana. Ulaze ndani ya reli ya alumini ili joto lake lipate pa kwenda.

3. Urefu wa ukingo

Tulitengeneza rafu ya jipsamu kuzunguka chumba, sentimita 25 chini ya dari, na mbele yake tukasimamisha ukingo wa kuficha mkanda. Kwa kuogopa kwamba mkanda utaonekana, niliupandisha ukingo ukawa sentimita 8 juu ya usawa wa mkanda. Tulipowasha, kulikuwa na utepe mwembamba wa mwanga pembeni, kisha mstari mweusi ulionyooka kama umepigwa rula, na katikati ya dari giza. "Shemeji, mbona mwanga umeishia njiani?" akaniuliza. Nikadhani mkanda ni dhaifu. Tukaweka wenye nguvu zaidi, tukabadilisha pia adapta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba uwe wa volti 24. Mstari ukabaki palepale, safari hii mkali kuliko mwanzo.

Jibu lilikuja nilipochora kwenye karatasi. Mwanga unasafiri kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye mkanda, unapita juu ya ncha ya ukingo, unagonga dari. Hapo unapogonga ndipo kivuli kinapoanza. Kupajua, chukua umbali kutoka mkanda hadi ukingo, zidisha kwa kimo kutoka mkanda hadi dari, kisha gawanya kwa kiasi ambacho ukingo umeuzidi mkanda. Kwetu ilikuwa 10 mara 25, gawanya kwa 8: sentimita 31 tu. Ukingo ungeuzidi mkanda kwa sentimita 1, mwanga ungefika sentimita 250.

Na ule woga wangu haukuwa na msingi. Mtu ambaye jicho lake liko chini ya rafu anatazama juu kwa mshazari. Mstari wa jicho lake ukishapita ncha ya ukingo unaendelea kupanda, haushuki. Basi chochote kilicho sawa na ncha au chini yake hawezi kukiona, awe karibu au mbali. Anayeweza kukiona ni aliye juu: anayeshuka ngazi, au aliyesimama kwenye baraza la ghorofa linalotazama sebule. Kama nyumba yako ina ngazi ya namna hiyo, hesabu hii haikutoshi. Panda ngazi uangalie mwenyewe.

Hatukubomoa. Tulilaza papi ya mbao ya sentimita 7 ndani ya rafu na kuupandisha mkanda juu yake. Kimo hadi dari kikawa 18, ukingo ukazidi kwa 1, na mwanga ukafika sentimita 180. Lakini usiendelee kupandisha: ukisogea chini ya sentimita 15 kutoka dari, unapata mchirizi mkali juu ya mkanda. Vilevile usiubandike mkanda kwenye ukuta wenyewe. Mwanga unaoparaza ukuta unaonyesha kila wimbi la lipu; upe nafasi ya sentimita 5 hadi 10.

Chini ya makabati ya jikoni mambo yanageuka. Huko mkanda unatazama chini, na aliyekaa kwenye kiti anaona kila kitu. Kaa kwanza kwenye kiti hicho, ndipo upime ukingo.

Kabla ya kugandisha chochote, shikiza mkanda kwa tepu ya karatasi, washa usiku, kaa, simama, lala.

4. Umeme

Mita 8 za wati 10 kila moja ni wati 80; weka adapta ya wati 100 ili isifanye kazi ikiwa imebanwa. Mkanda wa volti 24 ukizidi kama mita 10, ncha ya mwisho huanza kufifia, kwa hiyo ulishe kutoka pande zote mbili. Upande wa umeme wa nyumba mwachie fundi umeme.

5. Dima

Bila dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, kazi haijaisha. Dima na adapta lazima ziwe za mfumo mmoja. Ile ya balbu za zamani mara nyingi huufanya mkanda upepese. Punguza mwanga hadi chini, kisha urekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole. Ukiona mawimbi, badilisha adapta.

Ongeza taa moja ya mezani karibu na kiti, kwa sababu mwanga wa darini peke yake hauna kivuli na uso wa mtu unakuwa bapa. Adapta usiizike ndani ya jipsamu. Yetu tuliiweka juu ya kabati, mkono unapofika, kwa sababu mara nyingi adapta hufa kabla ya mkanda.