Siku nne Unguja kwa pesa ya kibubu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala, Dar es Salaam. Likizo ya kulipwa sina. Siku cherehani ikilala, mfuko nao unalala. Hata hivyo nimeshakwenda Unguja kupumzika mara saba, na nimekopa mara moja tu, ile ya kwanza. Wateja wananiuliza nafanyaje, na nimechoka kueleza huku nimeuma pini mdomoni, kwa hiyo naandika.

Safari ile ya kwanza haikumalizwa na nauli wala chumba. Pesa iliishia kwenye yale tuliyoamua tukiwa tumesimama juani na mabegi, mtoto analia, na kijana anasema "twende mama, mimi nitakupeleka". Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinafanyika ukiwa bado kwako.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujavunja kibubu

Naweka elfu kumi kila Jumamosi. Kwa miezi kumi inapatikana laki nne na ushee. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari kimenifaa kuliko simu, kwa sababu pesa ya kwenye simu inaitikia kila anayepiga kuomba.

Kwa siku nne na usiku tatu, mtu mmoja, natenga laki tatu na nusu nje ya boti. Kulala laki na ishirini, kula laki moja, magari ya abiria elfu ishirini, matembezi elfu sitini, na elfu hamsini ya akiba. Kila fungu lina bahasha yake, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Mkiwa wawili chumba mnagawana, hesabu inashuka sana. Boti naiweka pembeni kwa sababu tiketi nakata mapema kwa nauli ya wakati huo, kwenda na kurudi, na baada ya hapo siiwazi tena.

Bahasha ya akiba haifunguliwi kwa sababu ya kanga nzuri. Ni ya homa, ya simu kuanguka majini, ya boti kuahirishwa kwa upepo.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi

Hapa nitakaa kidogo, maana hata watu wa pwani tulioishi mjini tumeshasahau.

Safari ya kwanza tulifikia Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, usiku. Asubuhi saa nne tukatoka na taulo, watoto wanakimbia mbele. Bahari haikuwepo. Mchanga mweupe, vidimbwi, kamba za mwani zimefungwa kwenye vigingi, na mawimbi tunayasikia mbali kule kwenye mwamba kama gari linalopita barabara ya pili. Bibi mmoja alikuwa ameinama anafunga mwani, kanga ameikaza kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona mmesimama hivyo?"

"Tumekuja kuogelea."

Akacheka mpaka akashika mgongo. "Bamvua hii. Maji yamekupwa. Rudini alasiri mtayakuta hapa hapa mlipo."

Hatukungoja. Mtoto alishaanza kununa, tukakodi gari la kutupeleka Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, kwa bei ya papo kwa papo, na bahasha ya siku mbili ikaisha siku hiyo.

Hesabu yenyewe ni rahisi ukiwa na kalenda ya Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 29 hadi 2 na tena 14 hadi 17, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake inafika kama mita 4. Siku hizo hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, muda unasogea mbele kwa takriban dakika 50. Ikifika tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na maji hujaa asubuhi, kwenye saa nne hivi.

Mwenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi achague maji mafu. Mimi sasa naenda kwa makusudi wakati wa bamvua. Asubuhi natembea kwenye mchanga hadi karibu na mwamba, bure kabisa, naangalia kinamama wa mwani, kazi ambayo imekuwa pwani hiyo tangu 1989. Jioni maji yanakuja yenyewe hadi mlangoni, ya uvuguvugu kwa sababu yamepita juu ya mchanga uliopigwa jua. Vaa ndara, kuna vile vidude vyeusi vya miiba, ukikanyaga kimoja safari imeisha. Na usikanyage kamba za mwani, hilo ni shamba la mtu. Msomaji wa Diani au Lamu, hesabu hii ni yako pia.

Kuhusu msimu: Julai na Agosti, Krismasi na mwaka mpya, bei zinapaa. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, Mji Mkongwe unajaa. Masika, Machi hadi Mei, vyumba vinashuka bei, ingawa hoteli nyingine hufunga kabisa Aprili na Mei. Mimi nachagua Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Mwezi wa Ramadhani mtu anaweza kwenda, ila ajue mchana hali mtu hadharani na migahawa mingi imefungwa. Kwa upande mwingine, jioni futari ni ya kukumbukwa.

Hatua ya 3: Kata tiketi ya boti mwenyewe

Nenda dirishani kwa kampuni yenyewe, au kwenye tovuti yao, siku kadhaa kabla. Beba kitambulisho, jina la kwenye tiketi lifanane nacho. Pale nje ya bandari ya Dar utaitwa dada, mama, bosi, shangazi. Itikia kwa adabu na usisimame. Mwaka wa kwanza nilisimama, nikalipia "msaada" ambao hadi leo sijui ulikuwa wa nini.

Boti ya kwanza huondoka saa moja asubuhi na safari ni kama saa mbili. Panda hiyo, utapata siku nzima ya kwanza. Juni hadi Agosti kusi linavuma, bahari inachafuka. Kaa nyuma, katikati, karibu na usawa wa maji, na usinywe chai ya maziwa asubuhi hiyo. Tafuna tangawizi. Kuvuka kwa jahazi au mtumbwi wa mizigo ili kuokoa nauli usifikirie kabisa.

Hatua ya 4: Chumba kwa simu, si kwa picha

Tafuta kwenye intaneti kwa kuangalia tu, kisha piga simu moja kwa moja. Bei za mitandaoni ziko kwa dola. Mimi huanza hivi: "Asalaam alaykum, napiga kutoka Dar, tunakuja wawili usiku tatu, kwa mwananchi mnatufanyia shilingi ngapi?" Neno "mwananchi" na neno "usiku tatu" yanafanya kazi kubwa. Uliza pia kama chai ya asubuhi imo, kama kuna feni na chandarua, na maji ya bombani ni ya chumvi au baridi.

Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyoosha na ufuko. Chumba cha upande wa bahari na chumba cha ndani kijijini vinatofautiana dakika tano za kutembea, lakini bei ni mbinguni na ardhini. Nalala kijijini. Usiku nasikia watoto wa chuo cha Kurani wakisoma, na asubuhi jogoo wa jirani hana huruma.

Mkiwa mke na mume, bebeni nakala ya cheti cha ndoa. Baadhi ya nyumba za wageni za wenyeji wataiuliza, na kubishana mlangoni saa tatu usiku si likizo.

Hatua ya 5: Panda gari la shamba

Hapa ndipo pesa nyingi hupona. Shamba ni vijijini, nje ya mji. Wenyeji wanaita gari tu, sisi daladala. Nambari za kukariri: 309 Jambiani, 324 Bwejuu, 310 Makunduchi, 116 Nungwi, 505 uwanja wa ndege. Kwa Paje panda 309 au 324. Stendi zimehamishwahamishwa na ujenzi wa mjini, kwa hiyo ukishuka bandarini muulize muuza magazeti au askari: "Gari za Jambiani siku hizi zinapakia wapi?" Usimuulize dereva wa teksi; atakwambia zimeisha.

Nauli haifiki hata sahani nzuri ya chipsi kuku. Safari huchukua saa moja na nusu hadi mbili, kwa sababu gari linasimama kushusha gunia la mchele, kitanda, na siku moja mbuzi ambaye alikaa kwa adabu kuliko abiria wawili ninaowakumbuka. Za mwisho huondoka kabla giza halijaingia. Saa tisa uwe umeshapanda.

Hatua ya 6: Kula wanapokula wao

Asubuhi chapati na maharage, au mkate wa kumimina ukiupata. Mchana tafuta mama lishe, wali wa nazi na samaki. Alasiri urojo: bakuli moja lina viazi, bajia, kachori, chatini, na mshikaki ukiongeza, na ule ukali wa ndimu na embe unakuamsha. Usile urojo dakika chache kabla ya kupanda gari.

Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, usiku nendeni, ni pazuri, taa na moshi na bahari. Lakini kuleni kwanza kitu kidogo kwingine, na uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye sahani. Wenye meza hupanga vyakula juu ya sahani kwa mikono miwili huku wakikusifu. Mimi nanunua juisi ya miwa na kitu kimoja tu, kisha naangalia vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani.

Kwa kahawa chungu, nenda Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe, pale wazee wanapocheza dhumna. Kikombe kidogo, kashata pembeni, unasikiliza siasa bure.

Hatua ya 7: Matembezi

Tembea Mji Mkongwe kwa miguu asubuhi mapema. Kupotea humo hakuna gharama. Ukifuata teremko au sauti ya honi utatokea mahali. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, mchana unaingia bila tiketi. Beit al-Ajaib, jumba la kale la sultani, liangalie kwa nje: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kulipia mimi nalipia Mkunazini, kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Mwanangu mkubwa alitoka vile vyumba vya chini hajasema neno hadi bandarini. Sehemu za kiingilio, onyesha kitambulisho cha taifa kabla hujatoa pesa, maana bei ya mwananchi mara nyingi iko tofauti.

Ukitaka kisiwa cha Changuu kwa wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, kumbuka mashua hukodishwa nzima, si kwa kichwa. Kaa ufukweni Forodhani, subiri wengine, unganeni sita au wanane, mchague mmoja wa kuongea bei.

Ukiangukia Julai, panda 310 uende Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume hupigana kwa migomba, na siku hiyo nyumba isiyo na mgeni hujiona imepungukiwa. Vaa kanga, fika na adabu zako, utakula.

Kanga yenyewe beba mbili: ni taulo, shuka, pazia, na ya kujifunika mabega kijijini. Nguo ya kuogea inaishia ufukweni.

Hatua ya 8: Kurudi

Rudi mjini siku moja kabla ya boti, au panda gari la alfajiri na boti ya jioni. Usiziunganishe kwa kubana. Gari la shamba halina haraka yako. Bandarini fika saa moja kabla. Viungo nunua sokoni mapema, si getini.

Bahasha ya akiba ikiwa haijafunguliwa, naiingiza yote kwenye kibubu kipya usiku huo huo, kabla sijafungua begi, kwa sababu kesho yake asubuhi mwenye nyumba wa fremu atakuwa mlangoni.