Mhadhara wa Wazi Kwenye Kituo cha Mazingira: Jinsi Ninavyouandaa

Tangazo libebe swali. "Umuhimu wa bioanuwai" (yaani wingi wa aina za viumbe hai) haumtoi mtu nyumbani, lakini "Nani huruka juu ya mto wetu usiku?" humtoa.

Mzungumzaji mpe dakika 30, maswali nayo dakika 30. Muda wa maswali siupunguzi hata akija profesa, maana hapo ndipo mvuvi au mkulima husimama akaeleza alichokiona kwa macho yake. Ikiwezekana waalike wawili: mtaalamu, na mwenyeji aliyeijua sehemu hiyo tangu utotoni. Mwenyeji aanze yeye. Akitanguliwa na picha na takwimu, huona haya.

Kisha watoe watu nje. Kwa mada ya popo, panga mhadhara uishe jua linapozama, uazime kifaa cha kusikilizia milio yao. Sikio la binadamu huishia takriban kilohezi 20 (kipimo cha wembamba wa sauti), na milio mingi ya popo iko juu ya hapo. Kifaa huishusha hadi ikasikika. Waeleze pia mapema kwamba popo hashikwi kwa mkono mtupu, kwani anaweza kubeba kichaa cha mbwa.

Ukikosa tarehe, kuna 2 Februari, Siku ya Ardhioevu, au 22 Mei, Siku ya Bioanuwai.

Kipaza sauti kijaribu mapema, na njia ya viti vya magurudumu iwe wazi. Mwishoni pitisha daftari, kila mtu aandike mada anayoitaka. Inayofuata ichague humo.