Tangi lako litajaa kwa muda gani? Pimia maji juu, si bomba la chini

Karibu kila mteja ninayemfungia tangi huniuliza: "Fundi, maji ya mgao yakija kwa muda wa saa mbili tu, litajaa?" Usikisie. Kamba, futi, ufito, ndoo na saa ya simu vinatosha kukupa jibu.

1. Kipenyo. Tangi la plastiki lina kuba juu, kwa hiyo kulipima katikati ni taabu. Lizungushie kamba tumboni, pima kamba hiyo, kisha gawa kwa 3.14. Kwenye kazi yangu ya juzi kamba ilikuwa sentimita 377, kwa hiyo kipenyo ni sentimita 120. Nusu yake ni mita 0.6.

2. Kimo cha maji. Chovya ufito hadi chini, upime mpaka pale floti (boya linalofunga maji tangi likijaa) inapofunga. Urefu wa tangi zima utakudanganya. Tuseme ni mita 1.5.

3. Ujazo. 3.14 × 0.6 × 0.6 × 1.5 = mita za ujazo 1.696 hivi, yaani lita 1,696.

4. Kasi ya maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanakinga ndoo kwenye bomba la uani, ilhali tangi liko juu ya mnara na presha hupungua kadiri maji yanavyopanda. Juzi ndoo ya lita 10 ilijaa chini kwa sekunde 25, sawa na lita 24 kwa dakika. Nikapanda, nikafungua yunioni (kiungio cha bomba kinachofunguka) iliyo karibu na floti, nikakinga hapo: sekunde 40, yaani lita 15 kwa dakika. Tumia ndoo ya lita 10, maana ya 20 ni mzigo mzito ukiwa ngazini, na mtu aishike ngazi.

5. Gawanya. 1,696 ÷ 15 = dakika 113. Kipimo cha chini kingekupa dakika 71.

Napenda kuhakikisha. Fungulia maji dakika 10, chovya ufito tena. Yalipanda sentimita 13: 3.14 × 0.6 × 0.6 × 0.13 ni lita 147, karibu 15 kwa dakika. Hesabu imekubali. Karibu na kujaa floti hubana maji, kwa hiyo ongeza dakika chache.

Mgao wa saa mbili unatosha, lakini kwa shida. Bomba la jikoni likiachwa wazi likivuta lita 5 kwa dakika kutoka tangini, zinabaki 10, na muda unakuwa dakika 170. Waambie walio nyumbani wafue baada ya tangi kujaa.